Kompyuta Imegoma Kuwaka: Washukiwa Tisa, Kuanzia Anayesingiziwa

Unabonyeza kitufe, feni inavuma, kataa ka kijani kanawaka, kisha giza. Papo hapo kila mtu nyumbani ni fundi, na kila fundi ana mtu wa kulaumu. Basi mahakama ikae. Tuko Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, kwa hiyo hukumu zifuatazo zina uzito wa jiji zima. Tunaanza na asiye na kosa tunashuka hadi jambazi mwenyewe. Ukitaka kukata rufaa, njoo na bisibisi.

9. Virusi
Mshtakiwa wa kudumu. Lakini virusi ni programu, na programu haifanyi chochote kabla mashine haijaamka. Kama skrini haijaonyesha hata nembo ya kampuni iliyoiunda, virusi vyako, kama vipo, bado vimelala kwenye diski vikingoja stima kama wewe. Hukumu: viachiliwe. Mtoto naye arudishiwe gemu yake, na aombwe radhi.

8. Hewa nyembamba ya huku juu
Hakosi mjomba wa kukwambia kwamba mashine za ng'ambo hazikuundwa kwa nyanda za juu. Ana nusu ya hoja: Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya bahari, na ndani ya diski ya zamani, ile yenye sahani zinazozunguka, kichwa cha kusomea huelea kweli juu ya utando wa hewa. Nusu ya pili inamuumbua, maana diski nyingi za aina hiyo huruhusiwa kufanya kazi hadi karibu mita 3,000. Ipandishe hadi Iten, mita 2,400, wala haitahema. Wanaohema Iten ni wazungu waliokuja mazoezini. Hukumu: kesi itupwe, mjomba apewe chai.

7. Masasisho ya Windows
Hapa kuna rekodi ya uhalifu. Julai 19, 2024, sasisho moja bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilizimisha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikabaki chini na skrini zikageuka buluu. Ila sasisho hilo halikuwa la Windows yenyewe, na bidhaa ya CrowdStrike huuziwa mashirika, kwa hiyo desktopu yako ya Kapsoya isijipe umuhimu. Ikiganda kwenye asilimia 30, iache kwanza. Eliud Kipchoge alimaliza kilomita 42 pale Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Ipe mashine angalau muda huo kabla hujachomoa waya. Ikishindwa kabisa, ikatize ikiwa katikati ya kuwaka, mara mbili au tatu mfululizo, na Windows 10 au 11 itafungua yenyewe sehemu ya kujirekebisha. Hukumu: kifungo cha nje.

6. Flashi
Uliisahau nyuma ya CPU tangu urudi saiba. Mashine inaitafuta Windows humo, inakosa, inasusa. Chomoa, washa tena. Hukumu: onyo, na siri hii ibaki kati yetu.

5. Panya
Watu wa Nairobi wacheke tu. Uasin Gishu, mahindi yakishavunwa mwisho wa mwaka, gunia hupata chumba kabla ya mgeni, na mara nyingi ni chumba kilekile chenye kompyuta. Panya hufuata gunia, kisha anagundua kwamba kuna nyumba yenye joto, haina kodi, na mlango wake ni kile kibati cha nyuma kilichong'olewa kikapotea. Watu huogopa meno yake. Waya uliotafunwa hubadilishwa. Balaa ni mkojo, unaokula bodi polepole hadi unaona ukungu wa kijani kwenye viungo vya risasi. Funga hilo tundu. Hukumu: ana hatia, na utekelezaji tumemwachia paka.

4. Monita
Ikiandika kwamba haipati ishara, shangilia: monita ni nzima, tena ina stima. Kaza kebo ya VGA, ile ya kichwa cha buluu, pamoja na zile skrubu zake mbili ambazo nchi nzima imeafikiana kutozikaza. Kama umeongeza kadi ya picha, chomeka huko, si kwenye tundu la bodi. Hukumu: huyu ni shahidi, mmemfunga bure.

3. Betri ya saa
Iko bodini, duara kama sarafu, imeandikwa CR2032. Namba hiyo ni vipimo vyake: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Kazi yake ni kuilindia mashine saa na mipangilio waya ukiwa umechomolewa, na kwa mashine iliyokwisha kutumikia ofisi ya Uingereza miaka kadhaa kabla ya kufika huku, betri huwa imestaafu zamani. Dalili: kila asubuhi skrini nyeusi inakuomba ubonyeze F1, na ukibonyeza unajikuta umerudi miaka kumi na kitu nyuma. Tovuti ya benki inakukataa, kwani kwa saa hiyo vyeti vyake vya usalama havijaanza kutumika. Hukumu: faini ndogo. Kuna watu wamebadilisha Windows nzima kwa kosa la betri.

2. Stima
Najua wengi mlitaka awe wa kwanza. Ushahidi upo. Juni 7, 2016, tumbili mmoja alianguka kwenye transfoma pale kituo cha kuzalisha stima cha Gitaru na Kenya nzima ikazimika. Tumbili alipona. Pawa saplai za watu hazikuwa na bahati hiyo zote, maana kinachoua mara nyingi ni ule mshtuko wa stima zinaporudi. Zikipotea, chomoa, zikirudi, ngoja dakika chache. Na usithibitishe soketi kwa chaja ya simu: chaja huridhika na volti yoyote kati ya 100 na 240, kwa hiyo itakwambia mambo ni shwari hata jirani anapochomelea geti na volti zote zimemfuata yeye. Kagua pia swichi nyekundu nyuma ya pawa saplai za zamani. Huku kwetu ikae 230. Mtoto akiisogeza hadi 115, utasikia mlipuko, kisha harufu. Hukumu: hatia kubwa, lakini jambazi mkuu yuko ndani ya nyumba.

1. RAM
Naam, hako kakipande. Feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi tii. Au mashine inalia mlio mrefu unaojirudia, ambao kwa bodi nyingi ni malalamiko ya RAM. Vumbi la kiangazi na CPU kuhamishwa kwa bodaboda kutoka Langas hadi Kimumu vinatosha kuilegeza. Chomoa waya wa ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 30, chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha boksi. Fungua vibanio, toa RAM, sugua yale meno ya dhahabu kwa raba ya shule, pangusa chengachenga, rudisha hadi vibanio vyote viwili vilie *tak*. Kimoja kikilia kingine kikinyamaza, hujaingiza. Kama zipo mbili, jaribu moja moja.

Hicho ndicho anachofanya fundi ukiwa umetumwa nje ununue maji. Hukumu: kifungo cha maisha, bila rufaa. Mnaoshikilia kwamba ni stima, leteni hizo mashine zenu. Raba ninayo.