Usiku wa Matanga ya Nyanya

Nyanya alipofariki, ami alikodi muziki bila kumwuliza mtu. Uliletwa jioni kwa pikapu: spika nne, kila moja urefu wa mlango wa jikoni, na jenereta iliyofungwa kwa kamba. Kwetu ni Kilifi bara, upande wa Ganze, ambako usiku mtu akikohoa boma la pili hujulikana ni nani.

"Shemeji, kibali kiko wapi?" mama aliuliza.

Ami akatoa karatasi ya chifu. Ilisema wazi: ibada na nyimbo hadi saa kumi na mbili jioni, disko hapana.

"Vijana watatunza, tupate pesa za jeneza," ami akasema. Ndivyo disko matanga inavyotetewa siku zote, na sisi pesa hatukuwa nazo kweli. Lakini chifu hakuandika vile kwa ukali wa bure. Huku disko hizi zimepigwa marufuku mara nyingi, kwa ajili ya wasichana wa shule wanaotoka matangani na mimba. Tena kuna kanuni za kelele za nchi nzima za mwaka 2009: penye makazi ya watu, nje ya nyumba, mchana sauti isizidi desibeli 50, na ikishapita saa mbili usiku, isizidi 35, ambayo ni kama watu wananong'ona. Katiba ya 2010 nayo ikaipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Ila usiku, kaunti kwetu iko mbali. Aliyekuja ni mzee wa kijiji, akapewa kiti na sahani ya wali, akaongea, hakuna aliyemsikia.

Saa nne hivi nilikuwa ndani. Vikombe vilikuwa vinatembea vyenyewe rafuni kwa mtikisiko. Kile cha nyanya, cha bati chenye ua jekundu, alichonywea mkandaa miaka yote, kilifika ukingoni kikaanguka. Nikaona rangi imebanduka mdomoni. Nilipoinama kukiokota ndipo nikaona mkeka wa binti yangu hauna mtu. Ana miaka 13.

Nikatoka nikimwita. Sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Nilizunguka jikoni, zizini, chini ya mwembe, nikawashika watu mabega kuwauliza, na kila mmoja alinionyesha sikio lake. Mwenye muziki alidhani naomba wimbo.

Mama aliniona uso. Hakuuliza neno. Alipita katikati ya wachezaji, leso kiunoni, akaenda kwenye jenereta akaizima.

Kukawa giza, na kimya kilichouma masikio. Nikaita tena jina la mwanangu.

"Bee!"

Ilitoka mbali, upande wa barabara. Papo hapo pikipiki ikawaka, ikaondoka bila taa. Alikuja amebeba ndara mkononi, anatetemeka, akaniambia, "Mama, nilikuita." Nilimkumbatia, sikuweza kumgombeza.

Vijana wakaanza kudai muziki wao. Ami akasimama mbele ya jenereta, akasema hapana. Pesa za jeneza tulizichanga kesho yake, boma kwa boma.

Usiku ule wanawake wazee waliketi ukumbini wakamwimbia nyanya kwa vinywa vyao hadi alfajiri. Binti yangu alilala kichwa mapajani pangu, na katikati ya nyimbo nilikuwa nasikia pumzi zake.