Kutu ya Kununua

Mwananyamala kutu hugawiwa bure. Bahari haiko mbali, upepo wake una chumvi, na chumvi haina upendeleo: geti la mwenye nyumba na bati la choo cha wapangaji huliwa sawasawa. Ndiyo maana watu wa huku wanamaliza hela kuificha. Kwanza redi oksaidi, kisha rangi ya mafuta, kisha Idi ikikaribia rangi nyingine juu ya ile. Ninayetoa hela ili niipate ni mimi peke yangu, na tangu mtaa ujue hivyo, salamu zimepungua.

Ninatengeneza reli ndogo, na naomba isiitwe toi. Ni Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa Dar mwaka 1905 wakafika Kigoma 1914, yenye upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Mimi nimeigawa kwa 22 na nusu. Mita inakuwa milimita 45 hivi, na behewa la mita 9 linakuwa sentimita 40. Wageni wakija huangalia kidogo kwa adabu, halafu wanauliza swali lilelile: kwa nini usitengeneze SGR? Ile treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inang'aa mwanzo mwisho. Sasa mimi nitaipaka nini? Nirudieni baada ya miaka 60.

Nilichokuwa nakitaka hasa ni Garratt, yale majitu ya mvuke ya daraja la 59 yaliyoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950. Yalikuwa 34, kila moja lina tani 252, na yote yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mawili yapo Makumbusho ya Reli, Nairobi. Moja linaitwa Mount Gelai, jingine Mount Shengena. Gelai uko Longido na Shengena uko Upareni. Milima yetu yote miwili, imepakwa rangi safi, iko kwa jirani, na tunalipa kiingilio kuitazama! Nimelisema hili barazani na hakuna aliyekasirika isipokuwa mimi.

Tatizo ni urefu. Garratt lina karibu mita 32. Hata ukiligawa kwa 22 na nusu unapata karibu mita moja na nusu, na chumba changu kina kitanda, cherehani, na mama watoto mwenye msimamo. Basi nikaamua kwamba langu limeshakatwa vipande. Limebaki boila tu, limetupwa majanini nyuma ya karakana. Najua, kazi ya mainjini yale ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi, lakini kwenye meza yangu mkurugenzi ni mimi. Boila lile lilikuwa na kipenyo cha karibu mita 2.3, na ukifanya hesabu unaangukia kwenye kopo la maziwa ya unga la wastani, barabara kabisa. Mabomba ya ndani ni mirija ya kalamu zilizokwisha wino. Ribiti nimezidonoa moja moja kwa njiti ya kiberiti na gundi. Sitaki kuulizwa ziko ngapi.

Kisha ikaja kazi ya kuliozesha. Hapo ndipo kopo lilipoonyesha tabia. Nimelisugua msasa, nimelimwagia siki na chumvi, nimelilaza nje lipigwe na umande, likabaki linang'aa. Geti langu, nililolipaka rangi Idi iliyopita, likatoboka. Kutu ya kopo ilipokubali kuja, ikaja kwa magamba makubwa, na gamba la milimita tatu kwa vipimo vyangu ni gamba la sentimita saba, injini inaonekana imeota ukoma. Kumbe kutu halisi haifai kuigiza kutu. Sasa naloweka stili waya kwenye siki, naianika ioze, naisaga, naichekecha kwa chujio la chai, nachanganya na rangi ya maji. Palipobanduka rangi nanyunyiza chumvi kwenye kahawia iliyolowa, napaka nyekundu juu, ikikauka naisugua chumvi itoke. Matokeo ni mazuri sana.

"Baba watoto," niliambiwa juzi, "mbona chai ina ladha ya msumari?"

Nikasema ni maji ya bomba.

Lakini huwezi kuipaka kutu usiyoitazama. Kutu changa ina uchungwa, ya zamani inaelekea weusi. Kwenye kichwa cha bolti umande hukaa, na kutoka hapo unashuka mchirizi unaofifia kadiri unavyoteremka. Haya huyajui mpaka usimame mbele ya chuma cha mtu. Sasa simama wewe Komakoma saa nne asubuhi, mbele ya geti lisilo lako, ukiandika kwenye daftari. Wa kwanza atakuona dalali. Wa pili atakuona mtu wa kodi ya majengo. Wa tatu atamwita mjumbe.

"Shikamoo mzee. Kuna malalamiko."

"Marahaba mama. Mimi naangalia kutu tu."

"Kutu ya nani?"

Mpaka leo sijui ningemjibu nini. Jumamosi ile lile geti likapakwa rangi ya fedha. Kutu ya miaka na miaka, yenye mchirizi chini ya bawaba ambao sijauona kwingine kokote, imefukiwa hai kwa kunihofia mimi.

Wiki iliyopita boila lilikuwa ukutani linakauka, akapita kijana wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Akalitazama. Akatoa sumaku, ikanasa. Akaliinua, akaziona ribiti, akalirudisha polepole mahali pake.

"Mzee, hii si mali ya reli kweli? Mimi sitaki kesi."

Nikamwapia. Nikamweleza kopo, siki, chujio. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndiye mtu wa kwanza kufanya hivyo Mwananyamala nzima, kisha akaingiza mkono mkokotenini akachomoa mlango wa friji.

"Basi cheki hii, mzee. Kutu yake imetulia. Elfu mbili."

Tukavutana, nikamlipa elfu na mia tano. Asubuhi yake walikuwa watatu mlangoni, kila mmoja na bati lake, na yule wa mwisho alikuwa hashuki bei hata kidogo: lake, anasema, ni kutu ya Kunduchi, ya baharini kabisa.