Mashabiki wa Liyongo

Muulize mtu shujaa wake wa kale, atakutajia Fumo Liyongo: yule aliyekata minyororo kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, walinzi wameudharau na kumwachia. Yule aliyekufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, mji mzima ukaogopa kuteka maji.

Haya. Mbona mwanawe hana mashabiki? Ndiye aliyemchoma babake sindano ya shaba kitovuni, usingizini, kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme wa Pate. Liyongo tunamsifu kwa mdomo. Mwana tunamfuata kwa vitendo. Uchaguzi ukikaribia, sindano hunolewa katika kila chama, na mabinti wa kuahidiwa hawatoshi.