Dampo Linalotembea

Kwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam,

YAH: SHUKRANI KWA DAMPO LISILOBAGUA

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu. Wakazi wanalishukuru Jiji kwa kugawa uvundo kwa haki. Dampo liliondoka Tabata, likabisha hodi Kunduchi Mtongani, likakaa Vingunguti, likapita Mtoni, na sasa limetua Pugu Kinyamwezi. Ilala, Kinondoni, Temeke: hakuna aliyenyimwa.

Wasio na shukrani hawakosekani. Mwaka 1988 watu wa Tabata, wakiwa wamechoshwa na moshi na inzi, walikwenda Mahakama Kuu wakashinda. Jiji likaomba muda kidogo. Likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira aligoma kuongeza, akasema hajapata kusikia mamlaka ya umma ikiomba mahakama iiruhusu kuchafua mazingira. Magari yakageuzia Kunduchi, na mwaka huohuo wakazi zaidi ya 700 wa huko nao wakafungua kesi, wakashinda: ramani ya Jiji lenyewe ilisema eneo lile ni la makazi. Kumbe Jiji lilikuwa na ramani.

Sasa mtazameni mwenye nyumba wa Tabata anayevunja choo ili abandike marumaru mpya. Gari la taka la mtaani linabeba viroba vya maganda, kifusi halitaki. Kukodi tipa hadi Pugu kutamla hela ya marumaru zenyewe. Hapo ndipo anapotokea kijana wa guta.

“Bosi, nakiondoa chote.”

“Unakipeleka wapi?”

“We niachie mimi.”

Usiku huo mtaro unapokea sinki, matofali na nusu ya dari. Mvua zikija, bonde la Msimbazi linamalizia kazi.

Ajabu ni kwamba kifusi safi kina soko. Viwanja vya mabondeni vina vibao vya “Kifusi kinahitajika”, na wenye viwanja wanalipia. Kinachokosa mteja ni kile kilichochanganywa na nyaya, mbao na pampasi, kwa kuwa hakuna pa kukichambulia. Jiji nalo lina kibao chake kila ukuta: “Usitupe taka hapa, faini 50,000.” Cha kuonyesha pa kutupa bado hakijachorwa.

Ombi ni uwanja mmoja wa kupokea kifusi kila kata, wenye mlinzi, mzani na bei iliyobandikwa mlangoni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wakazi

Nakala: Mahakama Kuu, kwa kumbukumbu.