Kaanzia na Pete

Jirani yangu wa ploti hapa Mwiki, upande wa Ruiru, ameamua kuunda nyatiti. Hajawahi kuunda hata kigoda, lakini ana simu, ana bando, na ametazama video tatu. Ya tatu hakuimaliza.

Wajaluo huchonga nyatiti kwa mti, wakaiwamba ngozi, wakafunga nyuzi nane: zamani za mishipa ya ng'ombe, siku hizi za nailoni ya kuvulia samaki. Mpigaji huketi chini kabisa, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ya kugongea ala. Bwana huyu kaanzia na pete. Wiki mbili nzima alitembea nayo ndani ya sandali, kriing kriing mpaka chooni, na nyatiti yenyewe bado ilikuwa gogo.

Ngozi aliinunua mbichi buchani, akaianika kwenye kamba ya nguo ya ploti nzima. Mbwa wa mtaa ndio waliokuwa hadhira yake ya kwanza, na walikaa mpaka mwisho.

Nikamshauri aanze na wandindi ya Wakikuyu, uzi mmoja tu. Akanitazama kwa huruma: “Ndugu yangu, huo ni wa wanaojifunza.”

Jumapili akafunga nyuzi zote, akatuita. Alipokaza wa nane, tulisikia noti moja kubwa hivi kwamba kondakta wa matatu pale barabarani alipunguza muziki. Kipande cha mkono wa nyatiti tulikiokota nyuma ya tangi la maji.

Pete ni nzima.