Matairi ya Theluji, Mtaa wa Msimbazi

Siku nilipoingiza Suzuki Swift Sport uani kwetu Magomeni, mke wangu alilizunguka mara moja, akasimama mbele ya gurudumu, akauliza: "Baba, chuma nakiona. Mpira uko wapi?"

Nilimcheka. Nikamwambia huo ndio uspoti wenyewe: rimu kubwa inang'aa, mpira mwembamba umeizunguka kama wanja jichoni, gari limelala chini kama paka anayenyemelea dagaa. Nililihangaikia gari lile miaka mitatu, na sikuwa tayari kupokea ushauri wa kiufundi kutoka kwa mtu aliyekuwa bado ameshika mwiko wa ugali.

Ubavuni mwa tairi paliandikwa 195/50R16. Leo naweza kukufasiria maandishi hayo usingizini. Upana wa tairi ni milimita 195. Hamsini ni asilimia: ubavu una kimo cha nusu ya upana huo, yaani milimita 97 na nusu. Kumi na sita ni inchi za rimu. Kwa hiyo, kati ya rimu niliyoikopea na lami ya Dar es Salaam palikuwa na mpira na upepo usiofika sentimita 10. Pale Gerezani, shimo la kina hicho halihesabiwi kuwa shimo. Ni ukurutu.

Matairi yale ya kwanza, yaliyokuja na gari kutoka Japani, yaliishi wiki tano. Nilikuwa natoka dukani kwangu Lumumba, nauza vitabu vya risiti na mihuri, nikaingia Msimbazi saa kumi na moja jioni. Kijana aliyebeba robota la mitumba kichwani akakatiza mbele yangu bila kutazama kulia wala kushoto, kwa sababu robota lilikuwa limeshamchagulia upande wa kutazama. Nikamkwepa. Gurudumu la kushoto likapiga kingo za zege za njia ya mwendokasi, mlio ukaniingia kwenye magego.

Halikupasuka. Lingepasuka ningelielewa. Kesho yake asubuhi nililikuta limeota nundu ubavuni, kama ng'ombe ambaye nundu yake imepotea njia. Fundi tairi wa mtaani alilipapasa kwa huruma. "Nyuzi za ndani zimekatika, bosi. Hapo ulipo unatembea na puto. Ukienda nalo Kibaha, rudi na basi."

Nikapeleka kesi kijiweni.

Kijiwe chetu kiko chini ya mwarobaini karibu na Mnazi Mmoja, na wazee wa baraza ni madereva. Suala la matairi wanaligombania kama la Simba na Yanga, tofauti ikiwa hili halina dakika ya tisini. Kijana mwenye IST alisema mtumba wa Mjapani unashinda mpya wa Mchina, mchana na usiku. Dereva wa daladala ya Gongo la Mboto akamgeukia: "Wewe unaweza kununua mswaki wa mtumba?" Jamaa wa bajaji alitaka kuchangia, akaambiwa asubiri gari lake lifikishe matairi manne. Babu wa teksi, aliyewahi kuvaa matairi ya General Tyre ya Arusha enzi kile kiwanda kikipumua, alikoroga kahawa yake taratibu, akasema: "Mnanunua upepo tu, wajukuu. Mpira ni mfuko."

Busara hiyo niliielewa baadaye. Siku ile nilimfuata kijana wa IST.

Duka lenyewe lilikuwa uchochoroni Gerezani, matairi yamepandana hadi darini kama chapati za hitima. Muuzaji alivuta moja kutoka katikati bila kuangusha mengine, akalipiga kofi. "Asilimia tisini hii, bosi. Haijaonja lami."

Asilimia tisini ya nini, sikuuliza. Huwa hatuulizi. Niliangalia kashata zake: nene, zimejaa, na juu ya kila kashata kuna vichanjo vyembamba vingi kana kwamba mtu alipita na wembe. Sijawahi kuona tairi lililochanjwa namna ile. Ubavuni nikaona kialama kidogo: mlima wenye vilele vitatu, ndani yake kitu kama ua.

"Hii ni nini?"

Muuzaji aliinama, akatazama, akainuka na jibu. "Mlima Kilimanjaro, bosi. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya Tanzania."

Uzalendo ulinipanda kutoka unyayoni. Nikanunua manne, wala sikuomba apunguze.

Wiki ya kwanza nilijiona mfalme. Gari lilitulia, halina kelele, kama mtu anayetembea na soksi juu ya zulia. Ni kwenye kona tu ndipo nilipoanza kushuku. Ukikata usukani, gari lilikubali kwanza kwa mdomo, kisha likashauriana na matairi, kisha wote kwa pamoja wakaja. Ilikuwa Februari, jua la Kariakoo linakaanga mihogo bila jiko. Tulikwenda harusi Morogoro. Tulipofika Chalinze mke wangu akasema ananusa mpira unaungua. Nikamwambia ni lori la mbele. Mbele hapakuwa na lori.

Kashata zile ziliisha kama kashata kweli, zile za nazi, unaweka mezani sahani imejaa, unageuka kuitikia simu, unakuta makombo. Kufika Juni nilikuwa natembelea vipara vinne.

Trafiki alinisimamisha Barabara ya Uhuru. Hakuuliza leseni. Alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya tairi kama anayebariki mtoto aliyenyolewa leo. "Mheshimiwa, lingekuwa na hata unywele mmoja ningekuonya tu." Akaniandikia elfu thelathini. Nikapokea kontroli namba yangu, na nakiri kwamba ile ndiyo hati pekee halali niliyowahi kupewa kuhusu matairi yale.

Mpwa wangu anasoma Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo. Jumapili alikuja kula, akaenda kutazama gari, kisha nikasikia kicheko cha mtu anayehitaji kushikwa. Nilimkuta ameketi chini, kidole kwenye ule mlima.

"Anko, hili ni tairi la theluji."

Akanieleza, nami nilisimama pale kama mshtakiwa. Lile ua si ua, ni chembe ya theluji. Mpira wake hutengenezwa laini makusudi, ili usigande kama ubao hali ya hewa inaposhuka chini ya nyuzi joto 7. Vile vichanjo vya wembe ni vya kung'ata barafu. Huko kaskazini mwa Japani, Hokkaido, watu wana seti mbili za matairi, majira ya baridi wanavaa haya, joto likirudi wanayavua. Mimi niliyavaa Kariakoo, mwezi wa pili, kwenye lami ambayo ukiangusha yai unapaswa kuwa na chumvi karibu. Tanzania nzima theluji iko kilele cha Kilimanjaro, mahali ambapo Swift haijaruhusiwa kupanda. Kwa hiyo muuzaji, ukitazama kwa jicho la haki, hakudanganya kuhusu mlima.

Mpwa wangu hakuishia hapo. Msomi akianza kukuaibisha hukamilisha. Alinionyesha tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 4809. Wiki ya 48, mwaka 2009. Mwanangu wa kwanza amezaliwa 2011. Kwa adabu zetu, kila asubuhi alipokuwa akipanda gari kwenda shule alipaswa kuliamkia lile tairi shikamoo.

Kuna jambo moja tu katika somo lake lililonifariji. Zamani Wajapani walitumia matairi yenye misumari kwa ajili ya barafu, misumari ikawa inasaga lami, vumbi likawa kero mijini, mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaipiga marufuku. Hapo ndipo matairi haya ya vichanjo yalipotawala. Basi Wajapani wameshaacha matairi ya misumari, sisi Gerezani, kwa mafundi vyuma, tunaendelea nayo. Misumari tunapewa bure, njiani.

Mwenye duka la Gerezani alinipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Alinunua vile vipara vinne kwa bei ya chakula cha mchana. Nikamuuliza atavifanyia nini, akasema tairi halifi, bosi, likishindwa kabisa linakuwa katambuga. Nikaondoka nikiwaza Mmasai fulani atakayevaa viatu vya theluji.

Zamu ya mswaki mpya ikafika. Nilinunua matairi mapya ya Kichina, yananukia duka, bado yana vinyweleo vya mpira. Kwa haki niseme: hayaishi. Matairi yale yangenizika, yakaenda kwenye arobaini yangu, yakarudi yenyewe. Lakini mpira wenyewe ulikuwa mgumu kama mninga, na fundi wa upepo akayaongezea ugumu. Dereva wa daladala alinishauri nitie 45, "barabara mbovu, lisigonge." Kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko cha Kijapani chenye tarakimu ya mia mbili na ushee, ambayo mimi na fundi tulikubaliana kwamba ni mwendo wa mwisho wa gari. Kumbe ni kilopaskali. Ukiigeuza kwa geji ya fundi unapata thelathini na kitu. Babu alishasema tunanunua upepo. Mimi nilikuwa nazidishiwa kipimo.

Masika ilinikuta hivyo. Nilikuwa nashuka taratibu karibu na soko la Kariakoo, lile la paa la zege la msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa 1975. Paa lile lilibuniwa likusanye maji ya mvua. Mitaa inayolizunguka nayo, kwa kuishi jirani miaka yote hiyo, imejifunza kazi hiyo hiyo. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, juu yake zinaelea nyanya zilizopondeka na maganda ya machungwa. Nikakanyaga breki. Matairi yakaacha kuzunguka. Gari halikupewa taarifa.

Sijui kama umewahi kuteleza kwa mwendo wa bi harusi. Si ajali ya kupiga kelele, ina muda mwingi mno. Niliona kila kitu: mama wa mchicha akihamisha beseni lake bila haraka, mpagazi akisimama kutazama, na mbele yangu baiskeli ya madafu, imesheheni, mwenyewe ameshika panga na dafu nusu. Gari la mbio, injini ya lita 1.6, likamjongelea kama anayekuja kusalimia. Likasimama pakiwa pamebaki kidole kimoja.

Muuza madafu alitazama bampa, akanitazama mimi. "Kaka, ulikuwa unataka ngapi?"

Nilinunua manane.

Ndipo nilipokubali alichosema mke wangu siku ya kwanza, ingawa yeye hajui, na wewe usimwambie. Mpwa wangu alipiga hesabu kwenye karatasi ya maandazi: nikivaa rimu za inchi 15 na matairi ya 185/60, ubavu unakuwa milimita 111, ilhali gurudumu zima linazidi la zamani kwa chini ya milimita 2, kwa hiyo hata spidomita haitagundua. Nilipata rimu za kawaida, za kijivu, zenye sura ya mtumishi wa umma. Nikanunua matairi mapya ya mwaka huu, nimesoma tarakimu nne mwenyewe kwa tochi ya simu huku muuzaji akinitazama kama afisa wa forodha. Nikatia 33. Zile rimu za inchi 16 nilimuuzia yule yule wa Gerezani, maana hakuna mwingine aliyezitaka.

Kijiweni walinipokea kwa huzuni. Kijana wa IST alisema gari la spoti limevaa viatu vya shule. Babu alibonyeza tairi kwa kidole gumba, akarudi kwenye kahawa. Mke wangu alilizunguka mara moja. "Sasa mpira nauona," akasema, akaingia ndani.

Wiki iliyopita nilikuwa tena Msimbazi, foleni haijasogea tangu adhana ya alasiri. Jina Kariakoo, wanahistoria wanatuambia, limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza, na ukikaa kwenye foleni ile unaona kwamba mtaa haujabadilisha wenyewe. Mwenye mzigo anapita. Mwenye injini anasubiri.

"Pisha! Pisha mzigo!"

Mkokoteni ukanipita kushoto, umejaa viroba vya unga hadi usawa wa paa langu, vijana wawili wanausukuma na mmoja anavuta. Ulikuwa unakwenda kwa utulivu wa ajabu, haurukiruki, haupigi kelele, umelala chini kidogo. Nikatazama chini. Rimu za inchi 16, zinang'aa, zile za miaka yangu mitatu. Na juu ya rimu, tairi jembamba lenye kipara, ubavuni mlima wa vilele vitatu.

Nikashusha kioo haraka. "Kaka! Tairi hizo umezipata wapi?"

Yule wa mbele hakugeuka, maana mzigo ulikuwa umeshamchagulia upande. Lakini alinijibu kwa sauti ya mtu mwenye mali.

"Gerezani, mzee! Asilimia tisini!"