Jinsi ya Kusomea Lishe Bila Kula Vizuri

Kwanza omba nafasi ya shahada ya uzamili ya lishe ya binadamu, tuseme pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Nyumbani usitangaze. Ukitangaza tu, mama mkubwa atawaambia wageni kuwa unasomea upishi, mjomba atakuvuta pembeni akuulize dawa ya kitambi, na harusini macho yote yatakuwa kwenye sahani yako. Ukipakua pilau kidogo, unaringa. Ukijaza, basi elimu haijakusaidia.

Darasani utafundishwa kupima mlo mchanganyiko. Makundi ya chakula ni 10, na anayekula angalau matano kwa siku amevuka mstari. Jipime usiku kwenye banda la chipsi mayai, kabla hujairudia tasnifu. Viazi, kundi moja. Mayai, la pili. Kachumbari haihesabiwi mpaka ifike gramu 15, kwa hiyo mbembeleze muuzaji akuongeze kijiko. Jumla matatu. Soda haina kundi. Lakini kipimo chenyewe ni cha wanawake wa miaka 15 hadi 49. Kama wewe ni mwanamume, kula kwa amani, hakuna anayekukagua.

Kisha nenda kijijini ukakusanye takwimu. Chagua Iringa, Njombe au Rukwa, mikoa inayolisha wenzake mahindi huku ikiongoza kwa udumavu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliukuta udumavu kwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini. Iringa ilipita nusu. Fika asubuhi, mama akiwa ameshaweka jembe begani, umuulize mtoto alikula nini jana kutwa.

"Uji."

Uji wa nini?

"Wa mahindi."

Uliweka nini?

"Sukari, mwanangu. Ningeweka nini tena?"

Kikombe kipi? Atakuletea cha plastiki kilichokatika mkono. Kijaze maji, yamimine kwenye chombo cha kupimia, uandike mililita kwa uso wa kisayansi. Embe aliloliokota mtoto chini ya mti na andazi alilopewa na bibi havitatajwa. Wala usimuulize mama anarudi shambani saa ngapi, na kutwa nzima mtoto anabaki na nani, na sufuria gani. Dodoso halina kisanduku cha hayo, na jua linapanda.

Ukirudi chuoni, hitimisha kwamba akina mama wanahitaji elimu ya lishe. Msimamizi atakurudishia sura ya pili mpaka uichukie, lakini sentensi hiyo itapita bila wino mwekundu.

Ukihitimu na kubahatika ajira ya afisa lishe wa halmashauri, usisahau kuuliza bajeti. Agizo la serikali kwa halmashauri ni kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Kwa mwaka.